Kumchagulia chakula mbwa mwenye mzio na tumbo linalosumbua

Mbwa anayejikuna mwaka mzima na kuharisha mara kwa mara humtia mwenye naye hasara ya kununua mfuko baada ya mfuko. Kila chakula kinajaribiwa wiki mbili, nafuu haionekani, kinaachwa, kinaletwa kingine. Mwaka ukiisha mbwa ameshakula kuku, kondoo, samaki na bata, chanzo cha mateso yake hakijajulikana, na protini ambazo hajawahi kuzila zimebaki chache. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, maana protini ngeni kwa mwili wake ndiyo silaha ya uchunguzi.

Kwa hiyo kazi hii ina sehemu mbili, na zisichanganywe. Kwanza kuna chakula cha uchunguzi, cha miezi miwili hivi, kinachokuambia mwili wa mbwa unakataa nini. Baada yake ndipo unachagua chakula cha kudumu. Ukianza na cha kudumu kabla ya kujua kinachomdhuru, unabahatisha.

Hatua ya 1: Ondoa vyanzo vingine

Mwasho mwingi wa mbwa hautokani na chakula. Viroboto ndio wa kwanza kushukiwa, na mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto anaweza kuwashwa siku nyingi kwa kuumwa mara chache tu, huku wewe huoni hata kiroboto mmoja. Baada ya viroboto kuna upele wa kuambukiza, fangasi na bakteria wa ngozi, kisha mzio wa vumbi na chavua. Kwa upande wa tumbo kuna minyoo, Giardia (kimelea kidogo cha utumbo), kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha, na ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo apimwe choo na ngozi, na dawa ya viroboto itumike bila kukosa kwa muda wote wa uchunguzi.

Dalili zinazoelekeza kwenye chakula ni hizi: mwasho usiofuata msimu, masikio yanayougua tena kila dawa ikiisha, kulamba makucha, kuwashwa sehemu ya haja kubwa, na choo zaidi ya mara 3 kwa siku. Mwasho ulioanza kabla mbwa hajatimiza mwaka 1, au ulioanza uzeeni kwa mbwa ambaye hakuwahi kuwashwa, nao unaongeza shaka.

Kuharisha kwenyewe kuna aina mbili, na tofauti yake itakusaidia baadaye. Choo kingi kwa mara moja, chenye maji, pamoja na kukonda, hutoka kwenye utumbo mwembamba. Choo kidogo kidogo cha mara nyingi, chenye ute na pengine damu nyekundu mwishoni, hutoka kwenye utumbo mpana. Choo cheusi kama lami, kutapika mfululizo, kulegea au kukataa chakula siku nzima si mambo ya kutatua kwa kubadilisha chakula. Hapo nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, na kwa mtoto wa mbwa usingoje hata saa chache.

Vipimo vya damu, mate au nywele vinavyouzwa kwa ahadi ya kutaja vyakula vyenye mzio visikuvute. Mbwa wazima kabisa huonekana na mzio kwenye vipimo hivyo, na wenye mzio huonekana hawana. Mpaka sasa kipimo cha kutegemewa ni kimoja: kuondoa chakula kinachoshukiwa, kisha kukirudisha.

Hatua ya 2: Andika kila alichowahi kula

Chukua karatasi. Andika majina ya vyakula vyote unavyokumbuka, vitafunio, mifupa ya kutafuna, mabaki ya mezani, vidonge vyenye ladha, dawa ya meno. Kwa kila kimoja soma lebo na uorodheshe protini zote. Mfuko wenye picha ya samaki mara nyingi una mafuta ya kuku au unga wa mayai ndani.

Mzio huelekezwa kwa kitu ambacho mwili umeshakutana nacho, na mara nyingi kitu hicho ni protini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikusanya taarifa za mbwa 297 wenye mzio wa chakula: nyama ya ng'ombe iliwasumbua 34%, bidhaa za maziwa 17%, kuku 15%, ngano 13%, soya 6%, kondoo 5%, mahindi 4% na mayai 4%. Takwimu hizi hazimaanishi kwamba ng'ombe ni nyama mbaya. Ni nyama ambayo mbwa wengi wamelishwa. Zinaonyesha pia kwamba nafaka, ambazo hulaumiwa sana kwenye matangazo, ziko nyuma ya nyama. Mbwa anayeharisha kwa maziwa naye si lazima awe na mzio. Huenda hana tu uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na huyo hahitaji uchunguzi wa wiki 8, anahitaji kunyimwa maziwa.

Hatua ya 3: Chagua chakula cha uchunguzi

Njia ni tatu.

Ya kwanza ni chakula cha protini iliyokatwakatwa kwa haidrolisisi. Protini huvunjwa vipande vidogo kiasi kwamba kinga ya mwili isivitambue. Hii ndiyo tunayoipendekeza mbwa anapokuwa ameshakula nyama nyingi tofauti, au historia yake haijulikani. Chagua aina inayotolewa kwa maelekezo ya daktari. Zingatia protini mama: baadhi ya mbwa wenye mzio wa kuku bado huwashwa wakila chakula cha kuku aliyekatwakatwa, hasa kama vipande havikuwa vidogo vya kutosha. Kama kuku ni mshukiwa mkuu, tafuta kilichotengenezwa kwa soya au samaki, au kile ambacho protini yake imevunjwa hadi karibu na asidi amino moja moja, yaani vijenzi vidogo kabisa vya protini.

Ya pili ni chakula chenye protini moja ngeni na wanga mmoja: sungura, kangaruu, farasi au mamba, pamoja na viazi au mbaazi. Neno "ngeni" linamhusu mbwa wako. Sungura si mgeni kwa mbwa aliyekula sungura mwaka jana. Zaidi ya hapo, jamaa hufanana: mbwa mwenye mzio wa kuku anaweza kumkataa bata na bata mzinga, na mwenye mzio wa ng'ombe anaweza kumkataa kondoo, mbuzi au paa. Ruka ukoo mzima wa mshukiwa. Vyakula vya "protini moja" vinavyouzwa bila maelekezo ya daktari vinafaa baadaye, ila kwa uchunguzi vina kasoro kubwa: maabara zimewahi kukuta ndani yake kuku, ng'ombe au nguruwe ambao lebo haikuwataja. Mashine moja husaga vyakula vingi, na mabaki ya kundi lililopita huingia kwenye kundi linalofuata.

Ya tatu ni kupika nyumbani: sehemu 1 ya nyama ngeni isiyo na mafuta na sehemu 2 za wanga mmoja, vyote vimechemshwa bila chumvi, vitunguu wala viungo. Usafi wake hauna mpinzani, kwa kuwa unajua kila kilichoingia sufuriani. Lakini chakula hiki hakina kalsiamu, shaba, zinki wala vitamini za kutosha. Mbwa mzima na mwenye afya anaweza kukitumia kwa wiki 8. Mtoto wa mbwa, mjamzito au anayenyonyesha hapana. Usikifanye cha kudumu kwa kuokota mapishi popote. Watafiti walipokagua mapishi 200 ya mbwa mwaka 2013, 9 tu ndiyo yalifikia viwango vya chini vya virutubisho. Ukitaka kupika daima, mtaalamu wa lishe ya wanyama akuandikie mapishi, na usibadilishe hata mafuta yaliyotajwa.

Hatua ya 4: Badilisha polepole

Utumbo unaosumbua unahitaji siku 10 hadi 14, si zile 3 ambazo watu huzoea. Siku ya 1 hadi ya 3 weka robo ya chakula kipya na robo tatu za cha zamani. Ya 4 hadi ya 6 nusu kwa nusu. Ya 7 hadi ya 9 robo tatu za kipya. Kuanzia ya 10 kipya peke yake. Choo kikilainika, rudi kiwango cha nyuma kwa siku 2 kabla ya kuendelea. Kula mara 3 kwa siku kwa mafungu madogo husaidia kuliko mlo mmoja mkubwa.

Hesabu ya wiki 8 huanza siku ambayo chakula cha zamani kimetoka kabisa bakulini. Kosa hili la kuhesabu tangu siku ya 1 hupunguza uchunguzi kwa zaidi ya wiki moja.

Hatua ya 5: Linda wiki 8

Tumbo huonyesha nafuu mapema, mara nyingi ndani ya wiki 2 hadi 4. Ngozi huchelewa. Wengi wa mbwa wenye mzio wa chakula hupata nafuu ya ngozi kufikia wiki ya 5, na zaidi ya 9 kati ya 10 kufikia wiki ya 8. Anayesimama wiki ya 3 kwa sababu "hakuna kilichobadilika" ameacha kabla ya jibu kufika.

Hapa ndipo uchunguzi mwingi hufa, na karibu daima hufa kwa kitu kidogo. Vidonge vya kutafuna vya viroboto, kupe na minyoo hutiwa ladha ya nyama ya ng'ombe au ini la nguruwe. Muombe daktari dawa ya kudondoshea mgongoni au kidonge kisicho na ladha. Vidonge vya gelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Dawa ya meno ya mbwa huwa na ladha ya kuku. Kidonge kilichofichwa ndani ya jibini ni jibini. Bakuli la paka, choo cha paka, makombo chini ya kiti cha mtoto, jirani mwenye huruma, sahani zinazolambwa kabla ya kuoshwa: vyote hivi vinahesabika. Kama kuna mbwa wawili, ama wale wote chakula kimoja ama walishwe vyumba tofauti na mabakuli yaondolewe papo hapo.

Zawadi za mafunzo zitoke kwenye chakula chenyewe. Punje kavu zipimwe asubuhi, sehemu yake iwekwe mfukoni. Cha kopo kinaweza kukatwa vipande vyembamba na kuokwa mpaka vikauke. Kila mtu wa nyumbani aelezwe, na karatasi ibandikwe mlangoni mwa jiko. Likitokea kosa, liandike pamoja na tarehe, uendelee. Usianze upya kwa mara moja isipokuwa mwasho umerudi.

Daktari anaweza kutoa dawa ya kutuliza mwasho wiki za mwanzo ili mbwa asijichubue, na hilo ni jambo la huruma na la busara. Ila dawa hiyo lazima ikome, na mbwa aendelee na chakula kile kile angalau wiki 2 baada yake. Vinginevyo hutajua kama nafuu imeletwa na bakuli au kidonge.

Kila siku andika namba mbili. Mwasho uupe alama 0 hadi 10. Choo kipe 1 hadi 7, ambapo 1 ni kikavu kama kokoto, 2 ni kigumu kiasi kinachookoteka bila kuacha alama chini, na 7 ni maji matupu. Macho husahau, bila namba hizi utabishana na kumbukumbu yako.

Hatua ya 6: Rudisha chakula cha zamani

Watu wengi huishia kwenye nafuu na kuruka hatua hii. Tunawaelewa, nani anataka kumuona mbwa wake akiwashwa tena? Lakini mbwa anaweza kupata nafuu kwa sababu msimu wa chavua umepita au viroboto vimekwisha. Mrudishie chakula cha zamani chote. Akiwa na mzio, mwasho hurudi ndani ya saa chache hadi siku 14. Ukirudi, simamisha mara moja na umrudishe kwenye chakula cha uchunguzi mpaka atulie. Asipowashwa kwa siku 14, chakula hakikuwa chanzo.

Akishatulia, jaribu protini moja moja: kijiko 1 au 2 cha nyama ya kuku iliyochemshwa kila siku kwa wiki 2, kisha pumziko, kisha ng'ombe, kisha yai, kisha ngano. Kila kinachopita kinaingia kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Mbwa aliyewahi kuvimba uso au kupumua kwa shida baada ya kula asifanyiwe jaribio hili nyumbani.

Hatua ya 7: Soma lebo ya chakula cha kudumu

Sasa una orodha, na mfuko unaweza kuulizwa maswali ya kweli.

Anza na tamko la lishe kamili. Marekani hutumia viwango vya AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, na Ulaya hufuata miongozo ya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula hivyo. Tamko linapaswa kusema chakula ni kamili na ni cha umri gani. Kikiandikwa "cha ziada" au "cha nyongeza", hakitoshi kuwa mlo. Kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa tafuta tamko linalotaja ukuaji wa mbwa wakubwa, kwa kuwa kalsiamu ikizidi huharibu mifupa yao.

Kisha viambato. Hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ni karibu 70% maji. Kwa hiyo "kuku" wa kwanza kwenye orodha anaweza kuwa mdogo kuliko unga wa nyama ulio wa tatu, ambao umeshakaushwa. Mbaazi zikigawanywa kuwa mbaazi, protini ya mbaazi na nyuzi za mbaazi, kila moja hushuka chini ya nyama ingawa jumla yake inaizidi. Kwa mbwa wa mzio maneno ya kuogopa ni yale ya jumla: "nyama na mazao ya wanyama", "mafuta ya wanyama", "ladha asilia". Hayataji mnyama, na mtengenezaji anaweza kubadilisha mnyama kati ya kundi moja na jingine bila kubadilisha lebo. Tafuta "mafuta ya bata", "ini la sungura".

Jina la mbele lina sheria zake. Kwa kanuni za AAFCO, "Salmoni kwa Mbwa" lazima kiwe na salmoni angalau 95% bila kuhesabu maji ya kutengenezea. "Mlo wa Salmoni" 25%. "Chenye salmoni" 3% tu. "Ladha ya salmoni" kinatakiwa kuwa na kiasi kinachotambulika, basi. Zilizobaki ni nyama zipi? Jibu liko nyuma ya mfuko. Maneno "hayaleti mzio", "ya kifahari" na "asilia kabisa" hayakuambii lolote kuhusu mbwa wako. "Bila nafaka" ni msaada kwa mbwa aliyethibitika kukataa nafaka. Kwa wengine halina faida, na tangu 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imechunguza ripoti za ugonjwa wa misuli ya moyo kwa mbwa waliokula vyakula vyenye jamii ya mikunde mingi.

Asilimia za protini na mafuta usizilinganishe kabla ya kuondoa maji. Toa unyevu kwenye 100, kisha gawanya. Cha kopo chenye protini 8% na unyevu 78%: 8 ÷ 22 × 100 = 36%. Punje kavu zenye protini 25% na unyevu 10%: 25 ÷ 90 × 100 = 28%. Kopo lililoonekana hafifu limeshinda. Kwa hesabu hiyo hiyo, mafuta ya 10% hadi 15% huwafaa mbwa wengi wenye tumbo jepesi. Aliyewahi kuvimba kongosho huhitaji kiwango cha chini zaidi atakachopangiwa na daktari. Kwa shida ya utumbo mwembamba chagua nyuzi chache na chakula kinachomeng'enyeka kwa wepesi. Kwa utumbo mpana nyuzi zinazonyonya maji, kama pisiliamu (maganda ya mbegu) au massa ya viazisukari, mara nyingi husaidia kukaza choo.

Mwisho mwandikie mtengenezaji. Nani anatunga mapishi, na ana shahada gani ya lishe ya wanyama? Mitambo inasafishwaje kati ya chakula cha kuku na cha sungura? Kila kundi linapimwa kutafuta protini zisizotajwa kwenye lebo? Chakula kina kalori ngapi kwa kilo? Kampuni inayokwepa swali la pili haifai mbwa wa mzio, hata kama chakula chake ni kizuri kwa wengine.

Hatua ya 8: Pima kwa mizani

Kikombe hudanganya. Chakula kizuri kikizidi huharisha kama kibaya, na wengi huanza kutafuta chakula kingine kumbe walipaswa kupunguza.

Zidisha uzito wa mbwa kwa kilo mara tatu wenyewe kwa wenyewe, tafuta kipeuo cha pili mara mbili, kisha zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 20: 20 × 20 × 20 = 8,000; kipeuo ni 89.4, kipeuo tena ni 9.46, mara 70 ni kalori 662. Aliyehasiwa na mwenye shughuli za kawaida zidisha kwa 1.6, upate kama 1,060 kwa siku. Chakula kikiwa na kalori 3,700 kwa kilo, hiyo ni gramu 286. Vitafunio visizidi 10%, yaani kalori 106, na vikitolewa vikatwe kwenye bakuli. Mpime baada ya wiki 2, kisha ongeza au punguza kwa 10%.

Punje zikae ndani ya mfuko wake wenyewe, umefungwa vizuri, penye ubaridi chini ya nyuzi joto 27 za Selsiasi, zimalizike ndani ya wiki 6 hivi. Mafuta yaliyochacha huchafua tumbo, na wadudu wadogo wa vumbi wanaozaliana kwenye chakula kilichokaa wanaweza kuwasha ngozi. Cha kopo kilichofunguliwa kikae kwenye friji si zaidi ya siku 3. Ukimimina punje kwenye pipa, kata kipande cha mfuko chenye namba ya kundi na tarehe ukihifadhi mpaka ziishe. Mbwa aliyekuwa ametulia akianza kuwashwa ghafla juu ya chakula kile kile, namba hiyo ndiyo ya kwanza kumtumia mtengenezaji.